Ukurasa wa Saa Mbili Asubuhi

Uru,
Jumamosi, 7 Februari 2026.

Kaka Fabian mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mgodini ulichokuja nacho msibani kimepungua. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Sitaandika kwamba hatujambo kama tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, maana wewe ungeona mara moja kuwa naandika kwa mazoea. Mama anaumwa magoti lakini hataki kukaa. Ng'ombe amezaa dume. Mwanao Salvina ana wiki sita, anapokea chupa vizuri, na juzi alimtazama Mama usoni akacheka. Mama akasema kicheko kile kimetoka kwa Violet, hakijatoka kwetu, kisha akachukua mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe, wakati ng'ombe alikuwa ameshakula.

Nampa Primus barua hii mkononi kwa sababu anarudi Geita kesho, na ameniahidi kwamba hatampa mtu mwingine yeyote huko kambini. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatisha, nami ningefurahi kukatishwa. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, na usinipigie kabla hujafika mwisho.

Misa ya arobaini ya Violet ilisomwa Alhamisi. Watu walikuwa wengi, wengine walikaa hadi kwenye migomba ya jirani, na pombe ya mbege iliisha mapema. Padre alizungumza kwa kifupi. Kaburi limetulia, udongo umeshuka kidogo upande wa miguu, lakini Mama ameshaongeza mwingine. Shangazi Monica alikuja kutoka Himo na habari zake kama kawaida. Aliwatangazia watu kwamba umepandishwa cheo na unajenga nyumba ya vyumba vinne. Nilipomuuliza kazipata wapi, alisema kazisikia kinywani mwako. Nadhani ulimwambia mwaka juzi, ulipokuwa na mpango huo. Unamjua shangazi, neno sijui halijawahi kumtoka. Ukimuuliza bei ya ndizi leo atakupa bei ya siku ya mwisho aliyokwenda sokoni, kwa sauti ile ile ya uhakika, na wewe utafunga mikungu yako ukashushe gulioni kwa bei ambayo haipo tena.

Baada ya kula, maneno yaligeukia kwa nesi Priska. Wanawake waliokuwa wanaosha sufuria walisema angefaa kuvuliwa lile gauni jeupe hadharani, barabarani. Mmoja akasema amesikia kwamba siku ile alikuwa anachati na mwanamume. Mwingine akadai mwanamume mwenyewe anamjua, ni dereva. Mimi nilikuwa namwaga maji, nikaendelea kumwaga maji.

Sasa nafika kwenye lile uliloniuliza mara tatu, na kila mara nikakujibu kwamba bado naandika. Siku unaondoka ulinishika bega pale njia ya juu, ukaniambia kwamba wewe mkono wako umezoea usukani wa lori, kalamu huiwezi, na kwamba mimi niliyesomeshwa na kahawa ya baba hadi chuo kikuu niandike malalamiko ya familia kwa maneno yanayouma. Ulisema niandike kwamba muuguzi Priska hakufungua majibu ya mke wako kwa sababu alikuwa na simu mkononi, na wewe utaweka saini. Kamati ya hospitali inakaa Jumatano hii, tarehe kumi na moja. Priska amesimamishwa kazi tangu Januari. Malalamiko hayo yakifika, atafukuzwa, na jina lake litapelekwa kwenye baraza la wauguzi ili anyang'anywe leseni. Ana miaka kumi na tisa kazini. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kukaa kimya hadi Jumatano ipite.

Kabla sijaendelea, inabidi nikueleze kazi yangu, ile unayoiita kazi ya kugongagonga vidude. Nitakueleza taratibu. Nataka uelewe kila hatua, ili mtu mwingine asije akakuambia baadaye kwamba ni mambo ya kitaalamu yaliyotokea yenyewe.

Hospitalini kwetu kuna kompyuta moja inayoitwa seva. Imewekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya masijala, na ufunguo ninao mimi. Maabara wakipima damu wanaingiza majibu humo, na kila wodi ina kompyuta ya kuyafungulia kwa kivinjari, ile programu ambayo wewe unasomea magazeti kwenye simu. Tofauti ni kwamba ukurasa wa majibu hautoki huko duniani, unatoka chumba cha pili. Hata intaneti ikikatika wiki nzima, wodi inapaswa kuyaona majibu. Zamani yalipelekwa kwenye karatasi na mhudumu, na jibu likiwa baya maabara walipiga simu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wafanyakazi wote mwaka jana nikawaambia karatasi zinapotea, simu hazisikiki, tuangalie kwenye mfumo. Walinipigia makofi.

Mwezi wa kumi na moja bando la intaneti la hospitali lilianza kuisha hata mwezi haujafika katikati. Bwana Sylvanus, mkuu wetu wa utawala, akaniita akaniambia kwamba wauguzi wanaangalia harusi za watu wasiowajua, kwamba wengine wanaangalia mahubiri ya Nigeria saa za kazi, na kwamba kama digrii yangu ni ya kweli nitafute dawa. Dawa niliyoitafuta inaitwa proksi. Ni kompyuta ya kati. Wodi ikitaka kitu cha nje, inamwomba proksi, proksi anakwenda kukileta, na anajiwekea nakala. Mwingine akiomba kitu kile kile, proksi hatoki tena, anampa ile nakala. Bando linapona. Nilimwamuru ashike nakala ya kila ukurasa kwa nusu siku nzima, hata ukurasa wenyewe ukisema usihifadhiwe, na hata mtu akibonyeza kitufe cha kuufungua upya. Nilikuwa mkali kwa makusudi. Bwana Sylvanus alitaka namba zishuke, na zilishuka.

Lakini proksi hahusiki na mambo ya ndani. Kwenye mipangilio ya kila kivinjari kuna mahali unaandika kwamba kila kitu kipitie kwa proksi isipokuwa anwani fulani, na hapo ndipo unapoandika anwani ya seva yetu, ili wodi iende kwa seva moja kwa moja. Usipoandika, ni kama mtu aliyekaa jikoni kwetu anataka kujua kama chungu kimeiva, badala ya kuinuka akafunua kifuniko, anampigia simu shangazi Monica Himo. Ni mstari mmoja tu. Kompyuta za wodi na ofisi zilikuwa kumi na tano, kila moja mstari wake. Niliandika kumi na nne, kwa sababu kompyuta ya wodi ya wazazi ilikuwa mjini kwa fundi.

Ilirudi Jumanne, tarehe 23 Desemba. Niliiunganisha, nikaielekeza kwa proksi kama zile nyingine, nikafunga ofisi. Unajua Desemba ya huku ilivyo. Magari ya Dar yalikuwa yameshaanza kupanda, Mama alikuwa amenipigia mara mbili kwamba wageni wako njiani na ndizi za mtori hazijamenywa, na kwamba kama ninamwona yeye ana mikono minne nimwambie. Nilikuwa nimefika getini Priska aliponipigia. Aliniita fundi, kama anavyoniita siku zote, akasema kidude changu kinamwambia seva haipatikani, na yeye chumba cha seva anakiona pale dirishani, je, avuke uwanja akaigonge hodi? Nilicheka. Nikamwambia asubiri.

Nilijua tatizo ni nini kabla hajamaliza kusema. Nilitakiwa kurudi wodini, kufungua mipangilio na kuandika ule mstari. Dakika kumi pamoja na kutembea. Badala yake nilikaa kwenye benchi la mlinzi, nikafungua kompyuta yangu ya mkononi, nikamgeuza proksi. Alikuwa amekatazwa kugusa anwani za ndani, mimi nikamruhusu. Wodi ya wazazi ikamwomba, naye akaenda kwa seva akaleta ukurasa. Ilichukua dakika tatu. Priska akapiga tena kusema imefunguka, tena upesi kuliko mwanzo, na kwamba Mungu anipe mume mrefu mwenye shamba lenye maji. Nikaenda kumenya ndizi. Nilijiambia nitarekebisha vizuri baada ya sikukuu. Sikufikiria hata kidogo kwamba kuanzia dakika ile ukurasa wa majibu ya wagonjwa nao ulikuwa umeingia kwenye amri yangu ya nusu siku.

Sasa nitapita kwenye yale unayoyajua, unisamehe kwa kuyarudia. Violet alijifungua kwa upasuaji tarehe 26. Asubuhi ya tarehe 27, saa mbili, walimpima damu ikawa kumi na moja nukta mbili, na wodi wakafungua ukurasa wakaridhika. Mchana alianza kusema kichwa chepesi na kwamba ana kiu. Priska, aliyekuwa zamu ya mchana, alimtoa damu nyingine akaipeleka maabara. Maabara waliingiza jibu saa nane na dakika arobaini: tano nukta moja. Alikuwa anavuja damu ndani, taratibu. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwingine, akauliza kwa simu damu ya Violet ni ngapi. Priska akamwambia kumi na moja nukta mbili. Daktari akasema basi ni uchovu na joto, aongezewe maji, atapita akimaliza. Alipopita ilikuwa saa kumi na robo. Saa kumi na moja na nusu ulipigiwa simu.

Priska aliwaambia wote kwamba alifungua ukurasa, tena mara mbili, na mara zote uliandika kumi na moja nukta mbili, akadhani damu ya mara ya pili imetoa jibu lile lile. Hakuna aliyemwamini. Kompyuta ilipofunguliwa na kamati ilionyesha tano nukta moja, na saa iliyoingizwa. Kisha ikaletwa kumbukumbu ya seva, ile orodha ambayo seva huandika kila inapoombwa ukurasa. Kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na robo hakukuwa na ombi hata moja la ukurasa wa Violet kutoka wodi ya wazazi. Karatasi ile ndiyo iliyopigwa picha ukatumiwa, na ndiyo iliyokufanya useme kwamba mwanamke yule ni muuaji na mwongo.

Kaka, karatasi ile niliichapisha mimi. Haina uongo ndani yake. Ila ni shahidi ambaye hakuwepo. Priska alipoomba ukurasa, proksi hakwenda kwa seva kuuliza. Alimpa nakala ya saa mbili asubuhi. Ndiyo maana seva haikuandika kitu. Shahidi aliyekuwepo ni proksi mwenyewe, naye pia huandika orodha yake, lakini hospitali nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba orodha hiyo ipo.

Niliijua lini, utauliza. Tarehe 2 Januari, siku mbili baada ya mazishi, wewe ukiwa bado hapa nyumbani unapokea wageni. Nilirudi kazini asubuhi. Mtu wa maabara alinisimamisha kwenye veranda akaniambia kwa hasira kwamba yeye aliingiza jibu saa nane na arobaini, na kama watu hawasomi yeye afanye nini, awasomee? Nilikwenda moja kwa moja wodi ya wazazi, nikafungua ukurasa wa mgonjwa yeyote. Nikarudi ofisini nikafungua ukurasa huo huo kwenye kompyuta yangu. Majibu yalitofautiana. Nilikaa kwenye kiti. Baadaye nikafungua orodha ya proksi ya tarehe 27. Wodi ya wazazi, ukurasa wa Violet, saa nane na dakika hamsini na mbili: imejibiwa kutoka kwenye nakala. Saa tisa na dakika kumi na nne: imejibiwa kutoka kwenye nakala.

Niliichapisha orodha hiyo, nakala moja, nikaiweka kwenye mkoba. Sijui kwa nini niliichapisha, kama lengo langu lilikuwa kuficha. Labda nilitaka kuwe na kitu kimoja duniani kinachojua. Kisha nikaenda wodini, nikaandika ule mstari wa kumi na tano. Nikafuta nakala zote za proksi, nikamrudishia lile katazo. Kufikia saa sita mchana kila kompyuta ilikuwa inaonyesha majibu sahihi. Bwana Sylvanus akaja kuomba kumbukumbu ya seva kwa ajili ya uchunguzi. Nikampa.

Tarehe 6 kamati ikaniita. Niliingia na kitambaa cheusi begani, na mwenyekiti akanipa pole kwanza, kila mtu akanipa pole, hata Priska aliyekuwa amekaa upande wa pili alisimama akanipa pole. Wakaniuliza swali moja tu, kama inawezekana kompyuta ya wodi ilionyesha jibu la zamani. Nikasema mfumo uko sawa. Ulikuwa sawa. Nilikuwa nimeurekebisha siku nne kabla. Priska alinitazama kama mtu anayetazama barabara aliyopita jana na leo haioni. Nikaruhusiwa kutoka.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Mama, kwamba hawezi kubeba mkwe kaburini na binti mahakamani kwa mwezi mmoja. Nimejiambia pia kwamba mshahara wangu ndio unaonunua maziwa ya mtoto. Yote mawili ni kweli, na yote mawili niliyafikiria baadaye. Wakati ule mbele ya kamati sikumfikiria Mama wala mtoto. Niliwaza jinsi watakavyonitazama.

Limebaki moja, na hili sijamwambia mtu, hata Priska. Umeniuliza Violet alisema nini mwisho, nami nikakujibu kwamba alikuwa amelala. Si kweli. Nilikuwepo. Nilifika saa tisa kasoro na mtori aliotuma Mama. Nyumbani mbuzi alikuwa ameshafungwa kwa ajili ya mlaso, ule mchuzi wa damu, ili Violet akitoka apate damu ya kurudisha damu. Nilipita mezani kwa Priska nikamkuta anafungua ukurasa, na nikasimama nyuma yake bila yeye kuniona. Nilimwona kwa macho yangu akibonyeza kitufe, na niliiona namba. Kumi na moja nukta mbili. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilikuwa imeandikwa saa mbili asubuhi. Sikuzisoma. Ni mimi niliyezifanya kuwa ndogo, nilipopanga ukurasa ule, ili upendeze.

Violet hakutaka mtori. Midomo yake ilikuwa kama majivu. Aliniambia, wifi, mwambie nesi aje anitazame mimi, aiache kompyuta. Nilimkunjia shuka miguuni nikamjibu kwamba damu yake nimeiona mwenyewe na iko vizuri, kwamba amechoka tu, na kwamba kompyuta haidanganyi. Akasema haya. Akageuza uso ukutani. Hilo haya ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Nilitoka kwenda kuosha bakuli. Yule nesi alimpima mapigo, akarudi kufungua ukurasa mara ya pili. Alikuwa na wasiwasi kuliko mimi. Simu hakuwa nayo mkononi. Mkononi alikuwa na kipimo cha presha.

Jana baada ya kazi nilikwenda Pasua, anakoishi Priska. Nilimkuta mbele ya nyumba akipanga nyanya mafungu mafungu kwenye meza, maana sasa ndiyo kazi yake. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikampa ile karatasi ya proksi aisome. Hakupiga kelele. Aliuliza, ilikuwa kumi na moja nukta mbili? Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kwenye kreti la soda. Akaniambia kwamba wiki zote hizi amekuwa akijirudisha mezani pale kichwani mwake, na kila akirudi anaona vibaya zaidi, hadi mwisho akaamini kwamba pengine hakufungua, au alifungua ukurasa wa mama mwingine. Wiki iliyopita alikwenda kwa padre akaungama dhambi ya kutoangalia. Amepewa kitubio, na amekitimiza.

Nilianza kulia. Akaniambia nisimlilie hapo, majirani wana maneno, watasema amenitukana, na yeye ameshasemwa vya kutosha mwaka huu. Akaniuliza kama nitayasema yote hayo Jumatano. Nikasema nitasema. Akasema basi niende, na nisirudi kwake na sukari wala kitenge. Nikaenda.

Leo asubuhi nilimpelekea Bwana Sylvanus nakala ya orodha hiyo nyumbani kwake, pamoja na maelezo yangu ya kurasa tatu. Aliisoma getini. Alisema angependa nifikirie jina la hospitali. Nikamwambia nakala nyingine iko kwa Priska. Akafunga geti bila kuniaga. Sijui watanifanya nini, kama ni kufukuzwa tu au ni polisi. Nimejiandaa kwa vyote viwili kadiri mtu anavyoweza kujiandaa, yaani si sana.

Malalamiko uliyoniomba nimeyaandika, nayo yamo ndani ya bahasha hii. Ni ya familia ya marehemu, kwa kamati. Yanasema nani aliacha mstari, nani aliufuta ushahidi, nani aliwajibu kwamba mfumo uko sawa. Nimeyaandika kwa maneno yanayouma, kama ulivyotaka, na palipokuwa pa jina la Priska nimeandika jina langu lote, na la baba. Nafasi ya saini yako nimeiacha wazi. Ukiweka saini, uyapige picha umtumie mtu wa kamati, namba yake nimeiandika nyuma. Usipoweka, nitasimama mwenyewe Jumatano. Sitakuuliza kwa nini.

Mama nilimwambia jana usiku, hili la mstari na la kamati, si la mtori. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa amempakata mtoto. Kisha akaniambia nikate jani la sale pale mpakani nilitie kwenye bahasha kuomba msamaha, kwa sababu wewe ni Mchagga na hutathubutu kulikataa. Nilikwenda hadi mpakani na kisu. Sikulikata, kaka. Tunajua wote kwamba anayeletewa sale hana ruhusa ya kusema hapana, hata kama aliyeuawa ni wake, na mimi sitaki kukuchukulia hapana yako. Hiyo ndiyo pekee uliyobaki nayo.

Wasalimie wenzako wa kambini, hasa wale waliochanga wakati wa msiba, Mama anawashukuru. Yeye anakusalimu na anasema ule, usifanye kazi na njaa. Salvina hajui kusalimu bado, lakini yuko hapa pembeni yangu, ameshika kona ya karatasi hii na hataki kuiachia, nami namsubiri alegeze ndipo niikunje.

Ni mimi mdogo wako,
Flavia.